Maji ya samaki kwa mimea: hesabu chakula, usihesabu rangi ya maji

Maji ya tangi la samaki yana sifa mbili zisizopatana. Wapo wanaoapa kwamba ukiyamwaga kwenye chungu cha mchicha, majani yatajaa ndani ya wiki na hutanunua mbolea tena. Wapo wanaoyamwaga chooni kila wanapobadilisha maji, wakihofia kwamba uchafu wa samaki utaunguza mizizi au kumpa mlaji ugonjwa. Kila upande una chembe ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Kinachouchochea zaidi ni kwamba vitu kadhaa tofauti huchanganywa na kuitwa "maji ya samaki", halafu ushauri unaofaa kimoja unahamishiwa kwa kingine.

Kwa hiyo tuvitenganishe. Maji ya tangi ni yale ya samaki wa maji baridi, yasiyo na chumvi, unayoyatoa kwenye tangi la kioo au la plastiki siku ya kulisafisha. Maji ya bwawa ni yale yaliyo kwenye shimo la udongo, la saruji au la turubai, yanayopigwa na jua na kuota mwani. Tope ni kile kilichozama chini ya tangi au bwawa: kinyesi, chakula kilichobaki, mwani uliokufa. Akwaponiki ni mfumo ambamo maji huzunguka mchana na usiku kutoka kwa samaki hadi kwenye mizizi ya mimea na kurudi kwa samaki.

Maji ya kuoshea samaki wa kupika hayamo humu. Hayo yana damu, utelezi na magamba, huoza upesi na kuita nzi na paka. Yapeleke kwenye lundo la mboji na uyafunike. Mbolea ya samaki waliosagwa na kuchachushwa nayo ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni nzito na lazima izimuliwe kwa maji mengi, na hofu nyingi ya kuunguza mimea imetoka kwenye mbolea hiyo ikaangukia maji ya tangi bure.

Mbolea inatoka wapi

Samaki hatengenezi mbolea. Yeye ni kinu: kinachotoka chini ni kile ulichomimina juu, tofauti ni kwamba kimesagwa. Ukiweka kidogo utapata kidogo, hata kinu kiwe kikubwa namna gani. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu anayetaka kulisha mimea kwa maji haya lingepaswa kuwa "nawapa samaki gramu ngapi za chakula kwa siku?" wala si "nina samaki wangapi?" au "maji yamechafuka kiasi gani?"

Kinachosagwa ni protini. Katika kila gramu 100 za protini mna takriban gramu 16 za naitrojeni, kirutubisho ambacho mimea ya majani inakihitaji kuliko vingine. Samaki hubakiza sehemu ya naitrojeni hiyo mwilini anapokua, na kama theluthi mbili hutoka. Nyingi hutoka ikiwa amonia kupitia matamvua, wakati samaki anapumua, na iliyobaki hutoka kwenye kinyesi. Kwa hiyo hata maji yanayong'aa, yasiyo na kinyesi kinachoonekana, yanaweza kuwa na chakula cha mimea ndani yake.

Amonia ni sumu kwa samaki. Inayowaokoa ni kazi ya bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za tangi. Kundi la Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Kisha makundi mengine, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati samaki huivumilia ikiwa ya kiasi, na mizizi huifyonza moja kwa moja. Kwenye tangi jipya bakteria hawa huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuzaliana vya kutosha. Kabla ya hapo maji yako yana amonia badala ya nitrati. Mimea hutumia zote mbili, wenye shida wakati huo ni samaki.

Tupige hesabu

Chukua tangi la lita 100 ambalo samaki wake hupewa gramu 1 ya chakula kwa siku, chakula chenye protini asilimia 35. Kwa wiki hizo ni gramu 7 za chakula, ndani yake gramu 2.45 za protini, ndani ya protini gramu 0.39 za naitrojeni. Theluthi mbili ikitoka kwa samaki, unapata kama robo gramu ya naitrojeni kwa wiki nzima. Ukibadilisha lita 20 kila wiki, hiyo robo gramu, au pungufu kidogo, ndiyo inayoingia kwenye ndoo yako.

Bustani ya mboga za majani hutaka takriban gramu 10 za naitrojeni kwa kila mita moja ya mraba katika msimu mmoja. Katika wiki 10 tangi letu limetoa gramu 2.5. Limelisha robo ya mita ya mraba: vyungu vinne au vitano vya wastani, basi.

Unaweza kuifikia hesabu hiyo kwa mlango mwingine. Vijiti vya kupimia maji ya tangi vikikuonyesha nitrati miligramu 40 kwa lita, kiwango ambacho wafugaji wengi huchukulia kuwa ni wakati wa kubadilisha maji, naitrojeni iliyomo ni miligramu 9 tu kwa lita, kwa kuwa naitrojeni ni chini kidogo ya robo ya uzito wa nitrati. Kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya urea kina takriban gramu 1.7 za naitrojeni. Ili kukifikia kijiko hicho utahitaji karibu lita 190 za maji ya tangi.

Hapo hofu ya kuunguza inaondoka yenyewe. Maji yanayotumika kukuzia mboga bila udongo, yaani yale yaliyochanganywa mbolea kwa vipimo, huwa na naitrojeni miligramu 100 hadi 200 kwa lita na mizizi hukaa humo saa zote. Maji ya tangi yako ni mepesi mara kumi au zaidi. Huna haja ya kuyazimua. Lakini na ahadi ya "hutanunua mbolea tena" inaondoka pia, labda kama bustani yako ni vyungu vitano.

Mbona basi watu huona mimea ikichangamka? Kwa sababu tatu, na zote ni za kweli. Udongo wa kwenye chungu huishiwa nguvu haraka, kwa hiyo hata kidogo huonekana. Naitrojeni hii iko tayari kufyonzwa, haisubiri kuoza kama samadi. Na mwenye tangi anayebadilisha maji kila wiki humwagilia kwa ratiba, jambo ambalo mimea mingi ya nyumbani hailipati.

Maji yaliyo maskini, na yaliyo tajiri

Tangi lililojaa mimea ya majini hutoa maji yasiyo na nguvu, kwa sababu mimea iliyomo imeshakula. Tangi la samaki wawili watatu wanaodonoa kidogo, vivyo hivyo. Tangi lenye samaki wengi wanaolishwa vizuri hutoa maji yenye nitrati nyingi hata yakionekana safi. Rangi haisemi ukweli: maji ya kahawia mara nyingi ni rangi ya gogo au majani makavu yaliyowekwa kama pambo, haina madhara wala faida ya kutaja.

Kishawishi kinachofuata ni kuongeza chakula ili mbolea iongezeke. Usifanye hivyo. Chakula ambacho samaki hawakukimaliza katika dakika mbili tatu huzama na kuoza, amonia hupanda kuliko uwezo wa bakteria, na asubuhi utakuta samaki wanahema juu ya maji au wamekufa. Kama mimea inahitaji zaidi, ni rahisi na salama zaidi kuiongezea mboji.

Tajiri wa nyumba ni sponji ya kichujio. Ukiikamua, yale maji meusi yanayotoka yana kinyesi kilichokusanyika kwa wiki kadhaa, na fosforasi nyingi iliyotoka kwenye chakula imo humo badala ya kuwa kwenye maji mangavu. Kama kuna kitu kimoja cha kuacha kumwaga chooni, ni hicho.

Siku ya kubadilisha maji

Zima kwanza kipasha joto na pampu. Kipasha joto cha kioo kikibaki juu ya maji kikiwa kinawaka hupasuka, na pampu ikizunguka bila maji huungua. Tumia mpira wa kufyonza wenye mdomo mpana: uchomeke ndani ya changarawe, uache uchafu upande, kisha usogee sehemu nyingine. Mtiririko uanzishe kwa kuujaza mpira maji au kwa kutumia balbu ya kubonyeza. Kufyonza kwa mdomo kunakulisha bakteria wa kwenye tangi.

Ndoo iwe ya kazi hii peke yake, isiyowahi kushika sabuni. Toa sehemu moja ya kumi hadi robo ya maji, isizidi hapo kwa wiki za kawaida. Sponji ikamulie ndani ya ndoo hiyohiyo ya maji yaliyotolewa, kamwe usiioshe chini ya bomba, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria uliowasubiri wiki sita.

Acha ndoo itulie kama nusu saa. Utapata tabaka mbili. Maji ya juu yatumie kwenye miche, vyungu vya ndani na popote penye udongo laini. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 kinatosheka na nusu lita hadi lita moja, mpaka yaanze kudondoka chini. Maji haya yachukue nafasi ya umwagiliaji wa siku hiyo, yasiongezwe juu yake. Vyungu vingi vinavyosemekana "vimeuawa na maji ya samaki" vimekufa kwa kuoza mizizi: mwenye tangi alikuwa na lita 20 za kumaliza na vyungu vitatu vya kumalizia.

Tope la chini lichanganye, lita moja kwa lita tano za maji, na ulimwage kwenye udongo wa nje, umbali wa sentimita 5 au zaidi kutoka kwenye shina. Lifunike kwa udongo kidogo au matandazo. Likiachwa wazi hukauka na kuwa ngozi ngumu inayozuia maji kupenya, na ndani ya nyumba huleta vijinzi vidogo vyeusi vinavyozaliana kwenye udongo unyevu.

Tumia maji siku hiyohiyo. Maji haya yakifungiwa kwenye dumu huishiwa hewa, na bakteria wa aina nyingine huanza kuivunja nitrati na kuirudisha angani ikiwa gesi ya naitrojeni. Ukifungua dumu baada ya wiki unapata harufu kali na mbolea pungufu. Kuyaacha wazi nako ni kuwafugia mbu.

Maji ya kutomwaga kwenye bustani

La kwanza ni maji ya tangi la samaki wa baharini. Hayo hayazimuliki kiasi cha kufaa. Chumvi ikishaingia kwenye chungu huondoka kwa shida sana.

La pili linawanasa wengi: tangi la maji baridi lililotiwa chumvi kama tiba. Wafugaji hutia gramu 1 hadi 3 kwa lita samaki wanapougua, na wengine hutia kidogo kila mara kwa mazoea. Gramu 1 kwa lita inatosha kudhuru maharage, vitunguu, karoti na stroberi ikirudiwarudiwa. Dalili yake ni ncha za majani kukauka na ukoko mweupe juu ya udongo. Angalia pia tangi ambalo maji yake hayabadilishwi, huongezewa tu yanapopungua. Yanayopaa ni maji matupu; chumvi za aina zote hubaki na kurundikana.

La tatu ni dawa. Salfeti ya shaba, formalini, rangi ya kijani ya malakaiti, methilini ya buluu na viuavijasumu ni vitu vya kutia kwenye tangi la samaki wagonjwa, si kwenye kitu utakachokula. Malakaiti imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa Marekani na katika Umoja wa Ulaya, hiyo peke yake ikuambie jambo. Baada ya matibabu, badilisha maji mara kadhaa na kuyamwaga kando kabla ya kurudi kwenye mboga. Dawa za kuondoa klorini, zile zenye thiosulfeti ya sodiamu, kwa dozi ya kawaida hazina shida kwa mimea.

Kuna jambo dogo linalofanana na ugonjwa lakini silo. Tangi lenye mawe ya chokaa au matumbawe kwenye changarawe huwa na maji yenye pH (kipimo cha tindikali, ambacho 7 ni katikati) ya 8 hivi. Ukimwagilia chungu kilekile kwa miezi, madini ya chuma kwenye udongo hufungika, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Pokeza na maji ya mvua.

Bwawa lina kanuni zake

Watu huona maji ya bwawa ya kijani kibichi na kudhani wameona mbolea. Ukijani huo ni mwani, na mwani umeshakula nitrati iliyokuwamo. Ukipima nitrati kwenye bwawa la kijani unaweza kupata karibu sifuri. Mwani ukimwagwa kwenye udongo hufa, huoza na kuachia ulichokula, kwa hiyo si hasara, ila ni taratibu na ni kidogo: kwa jumla maji ya bwawa mara nyingi yana naitrojeni miligramu chache tu kwa lita.

Hebu turudi kwenye kinu. Bwawa linalopewa gramu 100 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 30, linapokea gramu 4.8 za naitrojeni kila siku, na kama gramu 3 zinatoka kwa samaki. Nyingine hupotea hewani. Tuseme nusu tu inaokolewa: gramu 1.5 kwa siku, zaidi ya gramu 100 katika wiki 10, inatosha mita 10 za mraba za mboga. Mita hizo 10, kwa lita 5 za maji kwa kila mita kwa siku, zinahitaji lita 50. Lita 50 zenye miligramu 3 kila moja zinabeba gramu 0.15. Yaani umepeleka bustanini sehemu moja ya kumi ya kile ulichotarajia.

Iliyobaki iko chini. Tope la bwawa ndilo ghala, na fosforasi ndiyo iliyolala humo zaidi. Maji ya bwawa yachukulie kama maji mazuri ya kumwagilia yenye nyongeza kidogo, na mbolea ukaitafute kwenye tope.

Tope bichi lisiende moja kwa moja kwenye mizizi. Lile jeusi linalonuka mayai viza limekaa bila hewa na lina gesi ya salfa inayodhuru mizizi na samaki pia. Kulikoroga bwawa likiwa na samaki ni kuwatia matatani. Lichote wakati wa kukausha bwawa au kutoka pembeni, taratibu. Litandaze unene wa sentimita 5, liache juani mpaka lipasuke vipande na harufu iishe, lisagesage, kisha changanya sehemu moja ya tope na sehemu tatu au nne za udongo wa bustani. Ukiwa na lundo la mboji, liweke tabaka kwa tabaka kati ya majani makavu. Hapo hata likiwa na unyevu haidhuru.

Angalizo kwa mabwawa yaliyochimbwa karibu na mikoko: tope la huko likikauka na kutoa mabaka ya njano hafifu, limegeuka kuwa na tindikali kali. Halifai bustani bila chokaa nyingi.

Kuchota maji yenyewe, chota sentimita 20 au 30 chini ya uso, mbali na utando unaoelea. Utando wa kijani-buluu unaofanana na rangi ya mafuta iliyomwagika unaweza kuwa wa sainobakteria, ambao baadhi yao hutoa sumu ya ini. Maji ya namna hiyo yasiguse mboga, na wanyama wasiyanywe. Kama unatumia umwagiliaji wa matone, weka kichujio na ukisafishe mara kwa mara, kwa sababu mwani huziba matundu kutoka ndani na hutajua mpaka mstari mzima wa miche unyauke.

Je, mlaji anaugua?

Magonjwa ya samaki hayahamii kwenye mimea. Vimelea vinavyokula mapezi na magamba havina kazi kwenye jani. Hatari iliyopo inaletwa na viumbe wengine wanaotumia maji hayo: ndege wanaonyea bwawani, kobe wenye bakteria wa salmonela, chura, panya, na mkono wa mtu. Kwa hiyo mwagilia udongo, usimwagie majani, hasa yale yanayoliwa mabichi. Siku za mwisho kabla ya kuvuna saladi au giligilani hamia kwenye maji safi, na mboga zioshwe kama kawaida. Mboga zinazopikwa zina nafuu kubwa.

Aliye hatarini zaidi mara nyingi ni mwenye kushika ndoo. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huingia kwenye mchubuko wa mkono na kuacha vidonda vinavyokawia kupona kwa wiki na miezi. Vaa glavu kama una jeraha. Na katika maeneo yenye kichocho, bwawa lenye konokono si la kuingia miguu mitupu. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwenye konokono huishi siku moja hadi mbili tu, kwa hiyo maji yaliyokaa saa 48 kwenye chombo kisicho na konokono hupoteza hatari hiyo. Hapa kanuni ya "tumia siku hiyohiyo" niliyoitoa kwa tangi inaachwa: ni afadhali kupoteza nitrati kidogo.

Akwaponiki si kumwagilia

Wengi waliosikia kwamba "samaki hulisha mboga peke yao" wamesikia habari za akwaponiki, na ndipo ahadi kubwa zilipotoka. Huko mizizi hukaa kwenye maji au kokoto saa zote, kwa hiyo hata maji mepesi yanatosha kwa kuwa hayaishi kupita. Lakini kipimo bado ni chakula. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo unataja gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na gramu 50 hadi 80 kwa mimea ya matunda kama nyanya. Linganisha na gramu 1 ya tangi letu. Viwango ni vya juu kwa sababu hapo hakuna udongo wa kusaidia, na sehemu kubwa hupotea hewani au huondolewa na tope.

Mfumo huu unadai usimamizi. pH inawekwa kati ya 6 na 7, mahali ambapo samaki, bakteria na mimea wote wanavumiliana ingawa hakuna aliyefurahi kabisa. Kazi ya bakteria yenyewe huishusha pH siku hadi siku, na wafugaji huipandisha kwa kupokeza chokaa iliyozimwa na mchanganyiko wa potasiamu. Upokezi huo una hekima ndani yake: chakula cha samaki kina potasiamu kidogo kuliko mahitaji ya mimea, na kalsiamu pia hupungua, kwa hiyo dawa ya pH inaziba pengo la lishe papo hapo. Chuma huongezwa kando, kikiwa cha aina inayobaki kimeyeyuka, kwa kiwango cha miligramu 2 hivi kwa lita. Umeme ukikatika, mfumo wenye samaki wengi unaweza kuwapoteza ndani ya saa chache kwa kukosa oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri inanunuliwa kabla ya mbegu.

Nayasema haya kwa sababu upungufu uleule upo kwenye ndoo yako ya tangi, isipokuwa udongo huuficha kwa muda. Soma majani. Ya chini yakigeuka njano yote, naitrojeni haitoshi: ongeza mboji au samadi iliyooza. Kingo za majani makubwa zikikauka na kuwa kahawia, na nyanya au pilipili zikichanua bila kuzaa vizuri, shuku potasiamu. Majivu ya kuni, konzi moja kwa mita ya mraba, husaidia kama udongo wako hauna pH ya juu tayari. Majani yakiwa mengi, meusi ya kijani, na maua hakuna, umezidisha naitrojeni, jambo ambalo kwa maji ya tangi peke yake ni nadra, kwa hiyo chunguza mbolea nyingine uliyoweka.

Kuna njia ya katikati kwa asiyetaka mabomba. Mmea wa ndani unaotambaa, kama potosi, ukiwa na mizizi inayoning'inia ndani ya tangi na majani yakiwa nje, hunywa nitrati mfululizo na kukupunguzia kazi ya kubadilisha maji. Osha udongo wote kwenye mizizi kwanza, zuia samaki wanaotafuna, na ukumbuke kwamba sasa maji ya ndoo yako yatakuwa maskini zaidi.

Jambo la mwisho linahusu njia ya kurudi. Maji yanayodondoka chini ya vyungu yasirudishwe kwenye tangi, kwani yamebeba udongo na chochote ulichonyunyizia. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, vinavyouzwa kwa ajili ya mbu na wadudu wa bustani, huua samaki kwa kiasi kidogo mno, hata kile kinachopeperushwa na upepo. Ukipulizia karibu na bwawa la nyumbani, lifunike kwa turubai na uzime pampu ya hewa inayovuta kutoka eneo hilo mpaka ukungu wa dawa utue. Pampu isizimwe zaidi ya dakika kadhaa kama samaki ni wengi, na glavu ulizoshikia dawa zisiingie kwenye maji.